Mapunye Hayali Kope

Mapunye nayajua. Miaka kumi na saba nashika vichwa vya watu, na kichwa chenye mapunye nakitambua kabla sijakigusa. Yana magamba, yana unga mweupe, yana duara lenye ukingo, na mtoto hujikuna mpaka ukereke. Basi Jumamosi moja nilipofumua nywele za binti yangu nikakuta kipara nyuma ya sikio la kushoto, kikubwa kiasi cha kizibo cha soda, laini, kisafi, bila gamba hata moja. Nikasema ni mapunye. Mpaka leo nikikumbuka natamani kujizaba kibao.

Nilisema mapunye kwa sababu tayari nilikuwa na mtu wa kumlaumu. Mama mapacha, jirani yetu wa mlango wa tatu, alikuwa amewaleta wanawe wiki iliyotangulia niwachane, na mmoja alikuwa na mabaka kichwani. Nilimfuata mchana kweupe, nikasimama mlangoni kwake, nikampa vidonge vyake mbele ya wapangaji wote. Nikamwambia ameniletea uchafu kwenye vitana vyangu. Yeye alikuwa anaanua nguo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Hiyo ni pumu ya ngozi, dada. Haiambukizi." Nikasonya, nikaondoka. Nikarudi saluni nikachemsha vitana vyote kwenye sufuria moja, viwili vikapinda meno, na hasira ikawa maradufu.

Saluni yangu ni chumba kimoja. Ina viti viwili, kioo kirefu kinachoenea ukuta mzima, drai moja ya kukaushia nywele inayonguruma, na kreti la soda lililopinduliwa kwenye kona ya mlango. Kreti hilo ni la binti yangu. Ana miaka tisa. Akitoka shule anakaa pale, daftari magotini, mpaka nifunge. Baba yake ni dereva wa lori la masafa marefu. Anaondoka siku nne, siku kumi, anarudi na vumbi mpaka ndani ya masikio. Binti yake anamwita Utingo. Utingo ndiye msaidizi wa dereva, yule anayeruka chini lori likisimama mlimani akaweka jiwe nyuma ya tairi. "Bila utingo gari halifiki," humwambia kila akiondoka, akimnyanyua juu mlangoni. Sisi wakubwa tunacheka. Yeye alikuwa hacheki, na hilo pia sikuliona.

Mengi niliyaona nikavaa miwani ya mbao. Tumbo lilimuuma kila asubuhi ya shule baba yake akiwa safarini, na lilipona lenyewe saa nne, nikishampigia mwalimu simu. Nikienda chooni alinifuata, akakaa nje ya mlango. "Mama, upo?" Nipo. "Mama, bado upo?" Aliuliza baba amefika wapi mara kumi kwa siku, na nikimjibu aliuliza tena palepale, kana kwamba sijajibu. Wifi yangu alisema anadeka, mtoto wa pekee ndivyo alivyo. Mwalimu alisema hajiamini, atazoea. Mimi mama yake nilisema ana kisirani. Siku moja nilimchapa vidole kwa mgongo wa kitana kwa sababu alikuwa anashikashika kichwani penye dawa ya mapunye niliyompaka. Hakulia. Aliikalia mikono yake, akaendelea kutazama ukuta.

Dawa ilikuwa nyeusi na inanuka, na nilimpaka asubuhi na jioni kama ninayelipwa. Kipara kikatoka kizibo kikawa kiganja. Wiki ya tatu nikaamua kunyoa. Baba yake alikuwa na siku mbili barabarani. Nilimkalisha kwenye kiti cha wateja juu ya mito miwili, nikawasha mashine.

"Mama, acha kidogo," akasema.

"Niache ya nini?"

"Acha hata huku nyuma tu."

Nikadhani ni urembo. Nikamwambia nywele si jino, zitaota. Nikapitisha mashine mpaka kichwa kikawaka. Alishuka kitini, akapiga magoti, akaanza kuziokota nywele sakafuni kwa mikono miwili. Nikachukua ufagio nikazifagia mbele yake, nikazipeleka kwenye pipa la nje. Hapo ndipo alipopiga ukelele. Nimemzaa, nimemuuguza, lakini sauti ile sikuwahi kuisikia. Aling'ang'ania pipa mpaka nikamtoa kidole kimoja kimoja.

Ndani, chini ya drai, alikuwepo Redio. Redio ni mteja wangu wa tangu zamani, na tunamwita hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Akachomoa kichwa akasema, "Shoga, huyu umemdekeza. Mwanangu angenifanyia hivyo angenitambua." Nami, kwa aibu ya wateja kunitazama, nikaitikia. Nikasema kweli, nimemdekeza.

Siku ya nne asubuhi namwosha uso, nikaona jicho la kushoto liko uchi. Kope za juu zilikuwa zimebaki tatu.

Muuguzi wa zahanati ya mtaani kwetu ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Nilimchukia tangu aniambie niketi. Binti yangu alimwamkia, naye akamwitikia vizuri, akamwomba ruhusa ya kumshika kichwa. Eti ruhusa. Alimulika tochi, akapapasa, akamulika tena. Halafu akaniita.

"Mama, njoo uangalie na wewe. Wewe ni msusi, sivyo?"

"Ndiyo."

"Unaona gamba?"

"Sioni."

"Ukingo je? Anajikuna?"

"Hapana."

"Kabla hujamnyoa, nywele za pembeni mwa kipara zilikuwaje?"

Nikazikumbuka. Vidole vyangu ndivyo vilivyozikumbuka. Zilikuwa nyingine fupi, nyingine ndefu, zimekatika hovyo. Sijawahi kuona mapunye yakifanya hivyo.

"Na hizi kope," akasema. "Mapunye hayali kope, mama."

Damu ilinichemka. Nikamwuliza anataka kusema mwanangu anajinyonyoa mwenyewe, mwanangu ni mwendawazimu? Hakupandisha sauti. Alimpa binti yangu karatasi na kalamu akachore pale kwenye benchi la nje, akafunga mlango.

"Sijasema mwendawazimu. Nasema ana hofu. Mtoto hawezi kuja akakwambia mama nina wasiwasi, hata neno lenyewe hana. Atakwambia tumbo linauma. Atakuuliza swali lilelile mara ishirini. Hatalala, au hatataka kutoka ulipo. Au mkono utapanda kichwani."

Kila alichotaja kilikuwa nyumbani kwangu. Ningependa kusema nilishukuru. Nilimkata jicho.

Aliniandikia siku ya kwenda hospitali kubwa, Jumatano, kwa mshauri wa watoto. Halafu akaniambia mambo machache ya kushika kwa sasa. Nisimwulize kwa nini anafanya, kwa sababu ataona anashtakiwa. Nitazame tu mkono unapanda saa ngapi. Akisema anaogopa, nisimwambie hakuna cha kuogopa. "Na usimwahidi kitu ambacho hukishiki mkononi mwako," akasema. Nilitoka pale nikimnong'oneza mume wangu ambaye hakuwepo, kwamba siku hizi kila kitu ni ugonjwa, sisi tulilelewa na nani. Lakini nilianza kutazama.

Kioo changu kinaonyesha chumba kizima. Miaka yote hiyo nikisimama nyuma ya mteja, binti yangu alikuwa ndani ya kioo, juu ya bega langu la kulia, kwenye kreti lake, na sikuwahi kumwangalia humo. Siku mbili baadaye Redio alikuwa kitini. Nilikuwa nimemaliza mistari ya upande mmoja, upande wa pili bado kichaka. Na Redio alikuwa hewani.

Alianza na mtungi wa gesi uliolipuka nyumba ya nyuma ya kwao. Kwenye kioo, kalamu ya binti yangu ikasimama. Akaenda kwa mwanamke aliyelala mzima akaamka amepooza. Mkono ukapanda mpaka kolani. Kisha akaja kwenye lori. Lilikuwa linateremka, breki zikakataa, likaenda mpaka bondeni, likawaka. "Dereva wamemtambua kwa mkanda tu, shoga. Mkanda. Na ana watoto wadogo."

Nikaona vidole viwili vikienda jichoni. Vilivuta haraka, kwa ufundi, namna mimi ninavyovuta uzi uliochomoza. Akaishika kope juu, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, akaichunguza. Hakuridhika. Akavuta nyingine.

Sikupiga kelele. Wanaonijua watakwambia nikinyamaza ndiyo hatari. Nilichomoa kitana kwenye nywele za Redio nikakiweka mezani.

"Inuka," nikasema.

"Umemaliza?"

"Inuka utoke."

"Shoga, nusu ya kichwa iko hivi."

"Nusu uliyopata bure. Toka."

"Kisa nini? Kwa sababu ya hadithi? Mtoto mwenyewe anasoma, hata hasikii."

Maneno hayo ni yangu. Nimeyasema mle ndani mara nyingi kuliko nilivyosema karibu. Mteja akisita, akimtupia jicho mtoto kwenye kreti, mimi ndiye niliyesema, "Sema tu, huyo hasikii." Mimi ndiye niliyesema, "Ehe, ikawaje?" Maiti zote, ajali zote, wanaume wote walioondoka wasirudi, vilipita juu ya kichwa cha mwanangu na mimi nikaviomba viendelee. Hasira niliyokuwa nayo kwa Redio iligeuka ikanirudia mwenyewe, yote, na Redio akapata yale mabaki.

"Toka kabla sijakunyoa na hiyo nusu," nikamwambia. Akatoka na taulo langu kichwani.

Nilifunga mlango. Nikakaa chini sakafuni, kwenye nywele za watu, karibu na kreti. Nilitaka kumwuliza kwa nini. Swali lilikuwa mdomoni. Nikalimeza.

"Kwenye hiyo kope," nikasema, "unaangaliaga nini?"

Drai ilikuwa bado inanguruma, nikainuka nikaizima, nikarudi chini.

"Mzizi wake," akasema. "Ikitoka na mzizi mweupe, baba anafika."

"Na ikitoka bila?"

"Natoa nyingine. Mpaka itoke yenye mzizi."

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu ile ya daraja. Uliyosimulia wewe."

Ile ya daraja naikumbuka. Lori lililotumbukia mtoni usiku wa mvua. Niliisimulia vizuri sana, nikaitia chumvi, wateja walishika midomo.

"Safari zote amerudi," akaendelea, na hapo sauti yake ilikuwa na fahari. "Hata moja sijakosea. Mimi ndiye utingo wake. Ila uliponinyoa alikuwa bado njiani." Akanitazama. "Nilitaka kuokota chache, ukazifagia. Zikabaki hizi tu." Akagusa jicho.

Nimewahi kugombana na watu wengi maishani, na wengi walistahili. Hakuna niliyewahi kumchukia kama nilivyomchukia yule mwanamke mwenye ufagio. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameshikilia lori zima peke yake, mwezi baada ya mwezi, akilipa kwa nywele, na mimi nilimpaka dawa inayonuka, nikamchapa vidole, kisha nikamnyang'anya kila alichokuwa nacho na kukitupa pipani. Na baada ya hayo nikasema amedekezwa.

Nilitaka kumwambia baba atarudi salama kila safari, naapa. Nikakumbuka yule muuguzi mfupi na maneno yake. Barabara siishiki mimi.

"Na mimi naogopa akiwa safarini," nikasema.

Aligeuka kunitazama vizuri, kama anayeniona mara ya kwanza. "Na wewe unang'oa?"

"Hapana. Mimi nagombana na watu."

Akafikiri. "Kama mama mapacha?"

"Kama mama mapacha."

Baba yake aliporudi nilimweleza yote, naye akaanza kwa kucheka, kwamba watoto bwana, wana vituko. Yeye pia nilimpa vidonge vyake. Nilipofika kwenye ufagio aliacha kucheka. Alivua kofia, akaenda akakaa kwenye kreti, ambalo ni dogo kwake, magoti yakamfika kidevuni. Alimweleza binti yake kwamba lori lina utingo wa kweli, mwanamume mzima mwenye kitambi, na fundi wa breki, na yeye dereva mwenyewe, na kwamba hao ndio wenye kazi. "Wewe ni mwanangu tu. Kazi hiyo sikukupa, nilikuwa natania, na utani wenyewe ulikuwa wa kijinga." Tulidhani atafurahi. Alilia kama mtu aliyefukuzwa kazi, mpaka akalala.

Jumatano tulikwenda, na Jumatano nyingi baada ya hiyo. Mshauri ni kijana ambaye ningeweza kumzaa, na mwanzoni nilimdharau kwa vile alivyokuwa anacheza naye mpira wa karatasi badala ya kutibu. Alimfundisha kutambua mahali hofu inapoanzia mwilini, kwake inaanzia tumboni, na kusema neno moja inapofika: imeanza. Basi. Mimi nilifundishwa kuacha ninachofanya nikilisikia. Si kumtuliza kwa hotuba, ni kukaa naye mpaka wimbi lipite, na linapita. Si kwamba alipona. Safari iliyofuata nyusi moja ilikwenda na maji, na nilimfokea, nikaomba radhi, tukaanza upya.

Kwa mama mapacha nilikwenda pia. Aliniacha nisimame mlangoni muda uleule niliosimama siku ile, nahisi alihesabu. Kisha akasema, "Ingia, unaziba upepo." Redio alirudi wiki ya pili, amefunga kichwa kwa aibu, kwa sababu hakuna msusi mwingine aliyekubali kumalizia mistari yangu. Nilimwambia sheria mpya ya chumba hiki: vifo, ajali na magonjwa vinabaki nje, kreti likiwa na mtu au likiwa tupu. Wateja watatu wamenihama, wanasema saluni imekuwa kama maktaba. Waende.

Juzi baba yake alikuwa na siku tatu barabarani. Tangu asubuhi simu yake haikupatikana. Saa tisa mchana nilikuwa na mteja mgeni, mwenye haraka, ana safari, na ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kutafuta wa kumvaa. Nywele za binti yangu zimeota sasa, zinashikika. Kwenye kioo niliona mkono wake umetoka kwenye daftari, ukapanda, ukafika kifuani ukasimama.

"Mama," akasema. "Imeanza."

Nikaweka kitana chini. Mteja akasema, "Dada, mimi nina haraka." Nikamwambia asubiri, na nilimwambia kwa adabu, aulizwe mwenyewe. Tukatoka, tukakaa kwenye kizingiti, mikono yake miwili ndani ya yangu. Ilikuwa ya baridi. Simu niliiweka mapajani.

"Sasa nani anamrudisha?" akauliza.

"Anaendesha mwenyewe. Na sisi hatujui mpaka apige."

"Sipendi."

"Mimi naichukia."

Akaniangalia usoni kwa makini, kama daktari. "Unataka kugombana na mtu?"

"Sana."

"Kaa tu," akasema. "Inapita."

Mteja alikuja akaegemea mlango, nusu ya kichwa imesukwa, akafungua mdomo, akatutazama, akaufunga. Tukakaa. Simu ilikuwa kimya. Niliinama nikaziangalia kope zake, jicho la kushoto kisha la kulia, na zote zilikuwa mahali pake.